Mdudu kibibi ukutani si adui wa gunia lako

Mvua za Umuhindo zinapoanza Kigali, kati ya Septemba na Oktoba, kila nyumba hupata wageni wake. Kumbikumbi hujazana kwenye taa na nondo hugonga vioo usiku kucha. Asubuhi, kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua, huweza kuonekana wadudu wadogo wa mviringo, wekundu au wa rangi ya chungwa, wenye madoa meusi mgongoni. Mara huwa wawili watatu. Mara nyingine huwa kundi kwenye pembe ya dirisha, kwenye mkunjo wa pazia, au juu ya magunia yaliyopangwa stoo yakisubiri gari la kwenda Rubavu au Rusizi.

Mwenye nyumba akiwaona huchukua ufagio. Mwenye mzigo hushtuka zaidi, kwa sababu kwake mdudu juu ya gunia maana yake ni moja tu: maharagwe yanaliwa. Anakimbilia duka la pembejeo, ananunua chupa ya dawa na kupulizia ukuta, sakafu na magunia yenyewe. Siku mbili baadaye wadudu wa ukutani wamekufa, naye anadhani ameokoa mtaji wake.

Hakuokoa kitu. Mdudu aliyemuua hali maharagwe, hali mahindi, hali mchele. Anayekula maharagwe yuko ndani ya punje, ambako dawa ile haikumfikia. Kilichobaki ni chakula chenye sumu juu yake, na mfanyabiashara anayekwenda nacho sokoni bila kujua anauza nini. Kwa watu wanaoishi kwa kuvusha chakula kutoka nchi moja hadi nyingine, kumtambua mdudu ni sehemu ya kazi, sawa na kutambua noti bandia.

Ni mdudu gani huyu?

Wakulima wengi wanamfahamu kwa jina la mdudu kibibi, na maofisa ugani wengine humwita ledibadi. Ni aina ya mbawakawa, maana yake mgongo wake umefunikwa na mabawa mawili magumu yanayolinda mabawa laini ya kurukia. Duniani zipo spishi zipatazo 6,000 za jamii hii. Wapo wekundu, wa njano, weusi, wenye madoa na wasio na doa hata moja.

Wengi wao ni wawindaji. Chakula chao kikuu ni vidukari, wale wadudu wadogo laini wa kijani au weusi wanaojikusanya chini ya jani la kabichi, kwenye ncha ya mharagwe au kwenye chipukizi la mchungwa na kufyonza utomvu. Mdudu kibibi mmoja mzima anaweza kula makumi ya vidukari kwa siku, na katika maisha yake yote akala maelfu.

Jike hutaga mayai ya njano yaliyosimama wima kwa makundi chini ya majani, karibu na chakula. Mayai yakianguliwa hutoka kiumbe asiyefanana na mama yake hata kidogo: mrefu, mweusi au wa kijivu, mwenye madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo sana. Wakulima wengi humuua huyu mtoto wakidhani ni kiwavi mharibifu, kumbe ndiye anayekula vidukari kwa pupa. Penye joto la kutosha, safari ya kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua wiki tatu hadi nne tu. Ndiyo maana idadi yao inaweza kupanda ghafla ndani ya mwezi mmoja, hadi mtu akajiuliza wametoka wapi.

Kwa nini waingie nyumbani?

Ulaya na Amerika ya Kaskazini habari hii ina msimu unaojulikana. Majani yanapoanza kupukutika na baridi kukaribia, wadudu kibibi hutafuta mahali pakavu pa kujificha hadi baridi ipite. Hupenda kuta za rangi nyeupe zinazopata jua la mchana, kisha hupenya kwenye nyufa za madirisha na kujazana darini kwa mamia, pengine maelfu.

Kigali haina baridi ya namna hiyo. Mji uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na joto lake halibadiliki sana kutoka Januari hadi Desemba. Kinachobadilika ni mvua, na mvua ndiyo kalenda ya wadudu wetu.

Fikiria mwaka wa kilimo wa Rwanda. Msimu A huanza Septemba na Umuhindo, msimu B hufuata mvua za Itumba kuanzia Machi, na msimu C ni wa kiangazi, pale mboga zinapolimwa mabondeni kwenye maji. Katika kiangazi vidukari huongezeka kwa sababu hakuna mvua ya kuwaosha kwenye majani. Penye vidukari wengi, wadudu kibibi nao huzaana. Kisha mboga zinavunwa na mvua kubwa zinaanguka. Mvua ile huwaangusha vidukari na kuwaua wengi wao. Wawindaji wanabaki bila mawindo, na kwa kuwa wana mabawa, wanaruka kwenda kutafuta kwingine. Kati ya bonde na shamba lingine upande wa pili wa kilima kuna nyumba, zina taa, zina kuta nyeupe, zina bustani za maua na miti ya matunda. Hata Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vichaka vinapofyekwa na mitaro kusafishwa, huwahamisha wadudu wengi kutoka kwenye majani hadi kwenye kuta za jirani.

Kwa hiyo mdudu kibibi juu ya gunia hakufuata nafaka. Ni mpita njia aliyekosa chakula na kutafuta pa kutua. Hatoboi mbao, hatagi kwenye nguo, haenezi malaria. Ukimbana hutoa majimaji ya njano yenye harufu kali kutoka kwenye viungo vya miguu yake. Hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya ndege. Majimaji hayo huacha doa kwenye pazia, na watu wachache hupata mzio kutokana nayo, lakini si sumu ya kumdhuru mtu mzima aliyemgusa.

Aliyesafiri na mizigo

Katika jamii hii kuna mmoja ambaye historia yake ni ya kibiashara kabisa. Kisayansi anaitwa Harmonia axyridis, na kwao ni Asia ya mashariki: Uchina, Japani, Korea na sehemu za Urusi. Wamarekani walianza kumleta nchini kwao mwaka 1916 ili awasaidie wakulima kula vidukari. Kwa miaka mingi alionekana kutoota mizizi, hadi mwaka 1988 alipokutwa akiishi mwenyewe porini katika jimbo la Louisiana. Baada ya hapo alisambaa nchi nzima. Ulaya nako aliuzwa kwa wakulima kama dawa hai, na mwaka 2004 akaonekana Uingereza, nchi ambayo haikumwagiza. Aliruka mwenyewe kuvuka bahari nyembamba, na alisafiri pia ndani ya maua, mboga na vifungashio vilivyoingia kwa malori na meli.

Barani Afrika alionekana Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2011 watafiti wakachapisha taarifa kwamba amepatikana Kenya. Mdudu huyu ndiye anayejaza nyumba za Ulaya kila majira ya majani kupukutika. Anapokosa vidukari hula mayai na watoto wa wadudu kibibi wenyeji, hadi wenyeji wakapungua. Rangi yake hubadilika sana, kutoka njano hadi nyeusi, lakini wengi wao wana alama nyeusi mfano wa herufi M au W nyuma ya kichwa, juu ya rangi nyeupe.

Wafanyabiashara wa ukanda huu wameshaona jambo kama hili. Kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni Amerika, alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016. Mwaka 2017 alikuwa tayari anakula mahindi ya Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania. Nondo wake huruka usiku na hahitaji forodha, lakini wadudu wengi wengine hawana nguvu hiyo. Hao hungoja kreti, gunia au mche wa kubebwa, na anayebeba ni sisi.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hausemwi mara nyingi. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, mijakaranda ya Nairobi ilikuwa inakauka kwa sababu ya mdudu mfyonzaji aliyetoka Amerika ya Kusini. Wataalamu waliagiza mdudu kibibi mdogo kutoka upande huo wa dunia, akaachiliwa, akala wale wafyonzaji na miti ikapona. Mwaka 1993 vizazi vya mdudu huyo vilichukuliwa Kenya na kupelekwa kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, kuokoa miti ya asili iliyokuwa inakaribia kutoweka kwa ugonjwa uleule. Mdudu aliyechaguliwa kwa makini akapimwa alivuka bahari na kuleta faida. Mwenzake aliyevuka bila kupimwa ameleta hasara.

Wanaoharibu mali

Wapo wadudu kibibi wachache wanaokula majani badala ya vidukari. Hawa huonekana wamefifia rangi, wana vinyweleo vifupi mgongoni badala ya kung'aa, na madoa yao huwa mengi. Hushambulia maboga, matango, viazi na mahindi machanga. Jani waliolila hubaki kama wavu au kioo cha dirisha, kwa sababu wanakwangua nyama yake na kuacha ngozi. Mkulima anayewaona shambani ana haki ya kuhangaika. Lakini hata hawa hawali punje kavu ndani ya gunia.

Mwizi wa gunia ni fukusi. Kwa maharagwe, fukusi ni mdudu mdogo wa kahawia au kijivu, asiye na rangi ya kupendeza, ambaye mara nyingi huanza kutaga shambani kabla ya mavuno. Mtoto wake huingia ndani ya punje na kula humo humo. Siku utakayoona tundu la mviringo kwenye haragwe, aliyekuwa ndani ameshatoka na ameshaanza kizazi kingine. Chukua konzi ya maharagwe, imwage kwenye kitambaa cheupe, tafuta matundu na unga. Ukiviona, tatizo lako liko ndani ya gunia. Usipoviona, na juu ya gunia kuna mdudu mwekundu anayeng'aa, huna tatizo.

Kumwagia dawa ya shambani gunia la chakula ni kosa hata pale fukusi wapo kweli. Haiingii ndani ya punje, inabaki juu ya ganda, na mlaji anaipika. Hatari zaidi ni vidonge vya kufukizia nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo huua fukusi, lakini huua pia mtu aliyelala chumba kimoja na magunia au chumba cha jirani. Wafanyabiashara wengi wadogo wa Kigali wana stoo na kitanda chini ya paa moja. Kazi ya vidonge hivyo ni ya mtaalamu aliyefunzwa, katika ghala lisilolala mtu.

Njia salama ipo na haina sumu. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa, yenye tabaka za plastiki ndani ya gunia la kawaida, hufanya fukusi wakose hewa na kufa wenyewe. Masharti ni mawili: punje ziwe zimekauka vizuri kabla ya kufungwa, na mfuko usiwe na tundu. Anayenunua msimu wa mavuno bei ikiwa chini na kuuza miezi kadhaa baadaye atarudisha gharama ya mfuko huo kwa faida.

Harufu ya kiazi

Wapo watakaosema mdudu mdogo namna hii hawezi kugusa bei ya bidhaa. Wawaulize watu wa kahawa.

Rwanda ilipoingia katika shindano la kimataifa la Cup of Excellence mwaka 2008, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, ilionyesha kwamba kahawa yake inaweza kushindana na yoyote. Lakini wanunuzi walikuwa na lalamiko moja: mara chache, katika kikombe kimoja kati ya vingi, hutokea harufu ya kiazi kibichi. Kasoro hiyo inajulikana Rwanda, Burundi na Kivu, na imehusishwa na mdudu anayeitwa antestia anayetoboa tunda la kahawa likiwa mtini. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe, na mnunuzi aliyeumwa mara moja hushusha bei ya kontena zima.

Huko Ontario, Kanada, katika mavuno ya zabibu ya mwaka 2001, wadudu kibibi wa Asia walikuwa wengi mno katika mashamba. Walivunwa pamoja na zabibu na kukamuliwa nazo, na mvinyo ukatoka na harufu mbaya isiyoondoka. Wanakemia walipochunguza walikuta kemikali ya kundi lilelile linaloipa kahawa yetu harufu ya kiazi.  Njia moja ya watengeneza mvinyo ni kuwaondoa wadudu kabla ya kukamua, kwa kutikisa, kuosha na kuchambua. Mfanyabiashara wa mboga na matunda anaweza kufanya vivyo hivyo bila mashine, kwa mikono yake na maji safi.

Mpakani

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha uasili, ili bidhaa zilizo kwenye orodha zisitozwe ushuru wa forodha. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Utaratibu huo haufuti ukaguzi wa afya ya mimea. Nafaka, mbegu, miche, matunda na mboga vinaweza kuhitaji cheti chake, na Rwanda kazi hiyo iko mikononi mwa mamlaka ya ukaguzi RICA. Kenya ni KEPHIS, na Tanzania ni TPHPA.

Kile mkaguzi anachotafuta kwenye kreti lako ni mdudu hai, udongo, ukungu na dalili za ugonjwa. Kibibi mmoja juu ya kabichi si kosa la jinai, lakini kreti chafu lenye majani makavu na udongo chini humfanya mkaguzi afungue na mengine. Wakati mwingine mlango mzima hufungwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu kuvu, na malori yakakwama. Sumu kuvu hutokana na ukungu, na ukungu hupenda punje yenye unyevu iliyotobolewa na wadudu. Aliyetunza mzigo wake vizuri na aliyeuzembea walisimama foleni moja.

Kwa hiyo, Umuhindo huu, hatua ni chache na hazina gharama. Nyumbani, waondoe wadudu kibibi kwa ufagio laini na karatasi, bila kuwabana, na uwaachie kwenye bustani. Ziba nyufa za madirisha na weka wavu. Stoo, panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, ili uweze kuona pande zote. Fungua gunia moja kati ya kumi kila wiki na kagua punje kwenye kitambaa cheupe. Kung'uta na kuosha kreti kabla ya kupakia upya, hasa lililotoka nchi nyingine. Usinunue mboga iliyopuliziwa dawa jana. Muulize mkulima alipulizia lini na ngapi ni siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa.

Na ukienda kununua shambani ukaona wadudu kibibi kwenye kabichi, usipunguze bei kwa sababu yao. Shamba lenye wadudu hao kwa kawaida halijanyweshwa sumu siku za karibuni, kwa kuwa wao hufa mapema kuliko vidukari. Kabichi hiyo unaweza kuivusha mpaka na kumuuzia mtu ambaye utarudi kumuuzia tena wiki ijayo.